Gazeti kama Mlango wa Taaluma: Maoni kuhusu Ari ya Mtafiti wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, kila mwombaji wa nafasi ya shahada ya uzamili huulizwa swali moja ambalo hana budi kulijibu: ni kitu gani kilichomvuta kuisoma taaluma hii? Wapo wanaotaja mwalimu aliyewafundisha, na wapo wanaotaja riwaya au diwani waliyoisoma sekondari. Lakini liko jibu jingine ambalo husikika mara kwa mara, nalo hupokelewa kwa tabasamu la staha, kisha hupitwa haraka: "Nilisoma makala gazetini." Wasaili wengi huliona jibu hili kuwa jepesi. Waombaji nao huishia kulificha, na badala yake hutaja majina ya nadharia ambazo bado hawajazisoma kwa kina.

Makala hii inakusudia kulitetea jibu hilo. Maoni yetu ni matatu. Kwanza, makala ya gazeti ni chanzo halali cha ari ya kitaaluma, na katika historia ya Kiswahili limekuwa mojawapo ya malango makuu ya taaluma hii. Pili, makala ya aina hiyo ina jambo inaloweza kumfanyia msomaji ambalo kitabu cha kiada hakilifanyi kwa urahisi. Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, ari hiyo haimfikishi mtafiti popote ikiwa idara haitamfundisha jinsi ya kuigeuza kuwa swali la utafiti, na ikiwa magazeti yenyewe hayatahifadhiwa. Hapana shaka kwamba wako watakaotofautiana nasi. Tunawakaribisha, kwani kusudi la ukurasa huu ni kuanzisha mjadala.

2.0 Gazeti katika Historia ya Taaluma ya Kiswahili

Ni vema tukumbuke kwamba uandishi wa magazeti ya Kiswahili ni mkongwe kuliko idara zetu zote. Mwaka 1888 wanafunzi na walimu wa chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, walikuwa wakitoa jarida la *Msimulizi*. Baada ya hapo yalifuata magazeti ya misheni na ya serikali ya Wajerumani upande wa bara. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza huko Tanganyika ilianzisha *Mambo Leo*. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alianzisha *Kwetu*, gazeti lililokuwa mikononi mwa Mwafrika na lililosema kwa sauti yake. Kenya nako *Baraza* lilianza mwaka 1939, na *Taifa Leo* likafuata mwaka 1960. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kulinganisha, iliundwa mwaka 1970. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 80 mambo ya Kiswahili yalijadiliwa katika kurasa zilizochapwa kabla ya kujadiliwa katika darasa la shahada.

Kurasa hizo hazikuwa za habari tu. *Mambo Leo* lilitoa nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji wake, na Shaaban Robert ni miongoni mwa waliochapisha tungo zao humo. Mshairi mmoja aliuliza, mwingine akajibu, wa tatu akaingia kati kuamua. Utaratibu huu wa kujibizana ulikuwa wa kale katika ushairi wa pwani. Gazeti liliuhamisha kutoka barazani na kuupeleka kwa msomaji wa Tabora, wa Mwanza na wa Lindi, ambaye pengine hakuwahi kukaa baraza moja na malenga wa Mvita. Kwa namna hiyo msomaji alijifunza mambo mawili kwa pamoja, yaani shairi lenyewe na ukweli kwamba shairi ni jambo la kujadiliwa. Hilo la pili ndilo chimbuko la uhakiki.

Hali ilikuwa hiyohiyo wakati wa mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. E. Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, na K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi walipotoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976, swali la kama utungo usiofuata vina na mizani ni shairi au si shairi halikubaki chuoni. Liliwagusa washairi wa magazetini na wasikilizaji wa redio, ambao wengi wao hawakuwa na shahada yoyote lakini walikuwa na ujuzi wa kina wa arudhi. Mwanafunzi wa leo hukutana na mgogoro huo katika vitabu ukiwa umekwisha kupangwa katika kambi mbili, wanamapokeo na wanamabadiliko. Msomaji wa siku zile alikutana nao ungali moto. Si ajabu kwamba uliwavuta vijana wengi kuisoma fasihi.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wenyewe wameugeukia ukurasa wa gazeti na kuufanya uwanja wa utafiti. Ann Biersteker, katika kitabu chake *Kujibizana* cha mwaka 1996, alishughulikia lugha na mamlaka katika ushairi wa Kiswahili. Kelly Askew ameandika kuhusu ushairi wa magazeti ya Tanzania kama ufafanuzi wa siasa. Wanahistoria James Brennan na Emma Hunter wameyatumia magazeti ya Kiswahili kufuatilia fikra za taifa na uraia. Hapana budi tujiulize: ikiwa gazeti ni data nzuri kiasi hiki kwa wataalamu walio mbali, kwa nini linakuwa jambo la aibu mwanafunzi wetu anapolitaja kuwa mwalimu wake wa kwanza?

3.0 Makala ya Gazeti Humfanyia Nini Msomaji?

Kitabu cha kiada humpa msomaji majibu. Hivyo ndivyo kinavyopaswa kuwa, kwani kazi yake ni kukusanya yaliyokubaliwa na kuyapanga kwa utaratibu. Lakini upangaji huo una gharama yake. Mwanafunzi anayesoma sura ya ukopaji wa maneno huona orodha: maneno ya Kiarabu, ya Kireno, ya Kihindi, ya Kijerumani, ya Kiingereza. Kila neno limekwisha kuwekwa katika safu yake. Hakuna lililobaki nje likisubiri mtu wa kuliuliza.

Makala ya gazeti, kinyume chake, huanza na kitu kimoja kilichopo mbele ya msomaji. Tuchukue mfano. Mwandishi wa maoni haya alivutwa kuisoma isimu na makala fupi ya gazeti la Jumapili iliyoeleza kwamba neno *shule* limetokana na Kijerumani *Schule*, na kwamba Unguja na Pemba husemwa *skuli*, kutokana na Kiingereza, kwa kuwa visiwa hivyo vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza wakati Wajerumani wakitawala Tanganyika. Makala yenyewe haikuzidi safu mbili. Haikuwa na takwimu wala haikutaja mtaalamu yeyote. Lakini ilifanya jambo kubwa: ilichukua neno ambalo kila mtoto hulitamka kila asubuhi, ikaonyesha kwamba ndani yake mna historia ya tawala mbili.

Tukilichunguza jambo hilo tunaona kwamba makala ya aina hii ina sifa tatu. Ya kwanza ni ukaribu, maana huanzia katika lugha ambayo msomaji anaitumia. Ya pili ni mwaliko: gazeti lina ukurasa wa barua, na msomaji hujua kwamba anaweza kujibu. Ya tatu ni upungufu. Kwa kuwa nafasi ni finyu, makala huacha mambo mengi bila kuyasema, na msomaji mwenye udadisi hubaki na swali mkononi. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Upungufu wa makala, ambao katika tasnifu ungekuwa kasoro, hapa huwa chanzo cha swali.

4.0 Pingamizi: Gazeti Hukosea

Wako wenzetu watakaosema kwamba tunalisifu gazeti kupita kiasi. Watasema, na watakuwa na haki, kwamba waandishi wengi wa magazeti hawana mafunzo ya isimu. Kwamba asili za maneno zinazotolewa humo mara nyingi ni za kubahatisha. Na kwamba safu za lugha hupenda kutoa hukumu ya "sahihi" na "si sahihi" pasipo ushahidi wa matumizi. Mwanafunzi anayeingia chuoni kwa mlango huo, watasema, huja na mizigo ya imani potofu ambayo mwalimu hulazimika kuipakua kwa mwaka mzima.

Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya mambo mawili, yaani ukweli wa makala na uwezo wake wa kuamsha fikra. Hayo hayaendi pamoja siku zote. Tunaweza kujifunza kutoka katika taaluma nyingine iliyo mbali na yetu. Mwaka 1975 Martin Gardner, mwandishi wa safu ya hisabati katika jarida la *Scientific American* la Marekani, aliandika kuhusu pembetano zinazoweza kutandazwa sakafuni bila kuacha pengo. Alieleza orodha ya aina 8 ambayo mtaalamu mmoja aliitoa mwaka 1968 akidai kwamba imekamilika. Orodha haikuwa imekamilika. Msomaji mmoja aliivunja kwa kuongeza aina ya tisa. Kisha Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa California ambaye hakuwa na mafunzo ya hisabati kupita ya sekondari, aliisoma habari hiyo, akabuni alama zake mwenyewe, na hadi kufikia mwaka 1977 alikuwa amegundua aina 4 mpya. Ni mwaka 2017 tu ndipo Michaël Rao alipotoa uthibitisho kwamba aina zote ni 15.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili. Makala ya Gardner ilibeba dai lisilo sahihi, lakini ilibeba pia maelezo ya kutosha kumwezesha msomaji kulipima dai hilo. Thamani yake haikuwa katika kufunga suala, bali katika kuliweka mahali ambapo mtu wa nje ya chuo angeweza kulifikia. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia kwa makala za Kiswahili pia. Tusiulize tu kama mwandishi amepatia. Tuulize kama ametuachia kitu cha kupima.

5.0 Kutoka Ari hadi Swali

Turudi kwenye neno *shule*. Maelezo ya gazeti yalikuwa ya kuvutia kwa sababu yalikuwa mepesi: Wajerumani walitawala bara, kwa hiyo bara husema *shule*, Waingereza walikuwa visiwani, kwa hiyo visiwani husema *skuli*. Mwanafunzi aliyevutwa na maelezo haya akifika chuoni, kazi ya kwanza ya msimamizi wake ni kumwuliza: je, Kenya?

Kenya haikutawaliwa na Wajerumani. Ilikuwa chini ya Waingereza tangu mwisho wa karne ya 19 hadi uhuru mwaka 1963. Hata hivyo Kiswahili sanifu cha Kenya kinatumia *shule*. Kwa swali hili moja maelezo ya gazeti yanatikisika. Asili ya neno haijabadilika, bado ni ya Kijerumani. Lakini sababu ya kuenea kwake haiwezi tena kuwa bendera iliyopepea mahali fulani. Tena, utawala wa Wajerumani ulikoma kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakaitawala Tanganyika kwa takribani miongo minne. Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili ni machache. *Hela*, iliyotokana na sarafu ya *Heller*, ni mojawapo. Kwa nini *shule* lilidumu wakati shule zenyewe zilikuwa mikononi mwa watu waliosema *school*?

Hapa ndipo ari inapogeuka kuwa utafiti. Mwanafunzi anaweza kuunda nadharia tete kadhaa. Huenda neno lilienezwa na walimu Waafrika waliofunzwa katika shule za Wajerumani na kuendelea kufundisha chini ya Waingereza. Huenda lilienezwa na usanifishaji, baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930 na vitabu vya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kuanza kufuata kigezo kimoja. Au huenda ni yote mawili kwa vipindi tofauti. Kila nadharia tete inatabiri kitu tofauti kuhusu mahali na wakati ambapo neno lingeonekana katika maandishi. Ikiwa walimu ndio waliolieneza, tutarajie kulikuta Tanganyika mfululizo tangu miaka ya 1920, bila kukatika, na Kenya lionekane kwanza kule kulikokuwa na walimu au wahamiaji kutoka kusini. Ikiwa ni usanifishaji, tutarajie mabadiliko ya ghafla katika maandishi ya Kenya baada ya mwaka 1930.

Na ushahidi huo utapatikana wapi? Kamusi hazitoshi, kwani kamusi hutuambia neno lipo, bali haituambii lilitumiwa na nani, wapi, na mara ngapi. Ushahidi uko katika barua za wasomaji wa *Mambo Leo* tangu mwaka 1923, ambazo zina majina ya mahali zilikotoka. Uko katika *Kwetu*. Uko katika *Baraza* tangu mwaka 1939. Ndiyo kusema kwamba mwanafunzi aliyevutwa na gazeti analazimika kurudi kwenye magazeti, safari hii si kama msomaji wa Jumapili bali kama mtafiti mwenye daftari, orodha ya tarehe na kipimo cha marudio.

Mifano mingine haiko mbali. Vichwa vya habari vya namna ya *Waziri kuzindua kisima*, ambapo kitenzi-jina hutumiwa kueleza jambo lijalo, hulaumiwa na baadhi ya waandishi wa safu za lugha kuwa ni kuiga Kiingereza. Pengine ni kweli. Lakini dai hilo linapimika: tutazame ni mwaka gani muundo huo unaanza kuonekana, katika magazeti gani, na kama yale ambayo wahariri wake walitafsiri habari kutoka Kiingereza yanautumia kuliko mengine. Lawama ya safu moja ya gazeti inaweza kuzaa tasnifu nzima ya uzamili, ilimradi mwanafunzi asiishie kuirudia.

6.0 Wajibu wa Idara

Ikiwa hoja zetu zina mashiko, basi idara zetu zina wajibu wa mambo manne.

Kwanza, mwombaji anayesema kwamba alivutwa na makala ya gazeti aombwe kuileta, au kuieleza kwa ukamilifu, kisha aulizwe maswali mawili: inadai nini, na ungelipimaje dai hilo? Majibu yake yatatuonyesha uwezo wake wa utafiti kuliko orodha ya nadharia aliyoikariri.

Pili, tuache mazoea ya kuwakataza wanafunzi kutumia magazeti kama chanzo. Badala yake tuwafundishe kuyatumia kwa nidhamu: jina la gazeti, tarehe kamili, ukurasa, aina ya maandishi (habari, tahariri, barua, shairi, tangazo), na kama ni chapisho la karatasi au la mtandaoni. Maandishi ya mtandaoni yanaweza kurekebishwa au kuondolewa baada ya kutolewa. Hivyo tarehe ya kusomwa kwake ni sehemu ya data.

Tatu, wataalamu wenyewe waandike magazetini. Hili ni gumu, kwa sababu katika mizani ya kupandishwa vyeo makala ya gazeti haina uzito unaolingana na makala ya jarida. Hatupendekezi kwamba vilingane. Tunapendekeza kwamba makala ya gazeti ihesabiwe kuwa utumishi kwa jamii unaotambuliwa rasmi. Tukiacha safu za lugha kwa wasio na mafunzo, kisha tukalalamika kwamba safu hizo zina makosa, tutakuwa kama mwenye shamba asiyelima anayelaumu magugu.

Nne, tuhifadhi. Karatasi ya gazeti ni dhaifu; hugeuka rangi, hukatika, huliwa na mchwa na unyevu. *Ngurumo*, lililoanza mwaka 1959 na kusomwa mno mjini, lilikoma mwaka 1976. *Baraza* lilikoma mwaka 1979. Gazeti lililokoma halina mwenye kulitunza isipokuwa maktaba. Mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni hazina kwa watafiti wa eneo hili, lakini hazina moja haitoshi. Kila idara ya Kiswahili, iwe Dodoma, Nairobi, Eldoret, Zanzibar au Kampala, inaweza kuchagua gazeti moja la eneo lake, kutafuta nakala zake kwa wazee na kwa wachapaji wa zamani, kuzipiga picha na kuandaa faharasa. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji mwanafunzi mmoja wa uzamili kila mwaka na msimamizi anayeiamini.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba makala ya gazeti si jambo la kumtahayarisha mtafiti wa Kiswahili. Kwa historia, ukurasa wa gazeti ulikuwa darasa kabla ya madarasa yetu. Kwa maumbile yake, makala hiyo humpa msomaji swali lililo karibu naye na lisilofungwa. Kwa kasoro zake, humlazimisha mtafiti kupima badala ya kukubali. Lakini hakuna hata moja kati ya haya litakalotufaa ikiwa, siku mwanafunzi atakapotaka kujua wasomaji wa Bukoba au Mombasa waliandikaje mwaka 1940, nakala alizozihitaji zitakuwa zimekwisha kuwa vumbi. Mjadala juu ya nadharia unaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili. Karatasi haisubiri. Kwa hiyo kati ya mapendekezo yetu manne, tunawaomba wasomaji wa jarida hili walianze hilo la mwisho kwanza.